UZI: Juan Pablo Montoya, dereva aliyeshinda katika ligi sita na bado mnamwita aliyefeli F1

Kona ya Tatu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Kwenye uzi wa juzi wa madereva bora ambao hawakuwahi kubeba ubingwa wa Formula 1 (F1) nilimtaja Montoya, nikarukiwa kama mwizi wa kuku. Mnene, mvivu, mdomo mrefu, kashindwa na Michael Schumacher, bingwa wa enzi zile, akakimbilia Marekani kuzunguka duara. Sikutaka kuvuruga uzi wa watu, nimekuja na wangu. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Hoja yangu ni hii: F1 ilichukua miaka mitano na nusu ya yule bwana. Ukimpima kwa hiyo peke yake umeacha sehemu kubwa ya kazi yake, na umeacha jambo ambalo madereva wengi wakubwa hawakuthubutu kulifanya, yaani kuliacha gari unalolijua ukaanze chini kwenye gari lisilofanana nalo kwa lolote, mbele ya watu wanaosubiri uabike wapate cha kucheka.

Kazaliwa Bogotá, Kolombia, 20 Septemba 1975. Baba yake, Pablo, msanifu majengo na mgonjwa wa mbio, ndiye aliyemkalisha kwenye kart, kigari kidogo cha mbio, akiwa mdogo. Uwanja wa kwao wa Tocancipá uko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, injini inakosa pumzi. Kolombia ilikuwa imeshamtoa Roberto Guerrero, aliyefika F1 miaka ya 80 na kumaliza wa pili Indianapolis 500 mara mbili, lakini njia yenyewe haikuwepo. Ukitaka kupanda ilibidi uhame nchi. Mwaka 1994 yuko Marekani kwenye Barber Saab. Mwaka 1995 yuko Uingereza, Formula Vauxhall, kwenye timu ya Paul Stewart, mtoto wa Jackie Stewart, bingwa wa zamani wa F1. Mwaka 1996 Formula 3 ya Uingereza. Mwaka 1997 Formula 3000, ngazi ya mwisho kabla ya F1, kwenye timu ya Helmut Marko, huyuhuyu mzee aliyekuwa Red Bull mnayemjua, akamaliza wa pili nyuma ya Mbrazili Ricardo Zonta. Mwaka 1998 akahamia Super Nova, akabeba ubingwa mbele ya Nick Heidfeld, na wakati huohuo alikuwa dereva wa majaribio wa timu ya F1 ya Williams.

Kwa kawaida hapo mtu anapanda F1. Yeye alibadilishwa. Williams walimtaka Alex Zanardi, bingwa wa CART wa 1997 na 1998 kwenye timu ya Mmarekani Chip Ganassi. Ganassi akabaki na kiti kitupu, Williams wakampa kijana. Kwa wasioijua, CART ilikuwa ligi kubwa ya Marekani ya magari ya tairi wazi, yenye injini za turbo za farasi zaidi ya 800, na wiki moja mnakimbia mtaani Long Beach, wiki nyingine mnakimbia kwenye duara ambako ukikosea kinachokusubiri ni ukuta wa zege.

Msimu wake wa kwanza, 1999, alishinda mbio saba. Mbio ya mwisho ilikuwa Fontana, California, 31 Oktoba. Kabla ya siku hiyo Dario Franchitti alikuwa anaongoza kwa pointi. Mapema tu kwenye mbio Greg Moore, Mkanada wa miaka 24 na rafiki mkubwa wa Franchitti, alipoteza gari na kufariki. Mbio haikusimamishwa. Montoya akamaliza wa nne, Franchitti wa kumi, wote wakafikisha pointi 212. Kanuni ikaangalia ushindi: saba kwa tatu. Akawa bingwa akiwa na miaka 24, mgeni kwenye ligi, na siku hiyo hakuna aliyekuwa na hamu ya kusherehekea.

Kumbukeni hiyo sare. Nitaifikia tena.

Mei 2000 Ganassi akafanya kitu ambacho timu kubwa za CART zilikuwa hazikifanyi tangu mgawanyiko wa 1996 ulioigawa ligi ya tairi wazi ya Marekani mara mbili: akaenda Indianapolis 500, mbio ya ligi pinzani, ya IRL, akiwa na magari ambayo timu yake haikuyazoea. Montoya akaongoza mizunguko 167 kati ya 200, akashinda. Hakuna mgeni aliyekuwa ameshinda pale tangu Graham Hill, 1966.

Naendelea na F1 kwenye posti inayofuata.

Gia Tano

Nimeshaweka kiti. Shusha mkuu.

Kona ya Tatu

Williams BMW, 2001. Mbio yake ya tatu tu ya F1, Interlagos, Brazili. Gari la usalama limetoka, mbio inaanza upya, Schumacher yuko mbele. Montoya akachelewesha breki kwenye kona ya kwanza, akaingia kwa ndani, wakagusana kidogo, akapita. Wakati ule madereva wengi wakimkuta Schumacher mbele walikuwa wanamfuata tu. Huyu alifanya kana kwamba hajui yule ni nani. Akaongoza karibu nusu ya mbio, kisha akagongwa kwa nyuma na gari alilokuwa ametoka kulipita kwa mzunguko mzima. Aliyekuwa anaendesha ni Jos Verstappen, baba wa Max. Ile familia ina historia ndefu ya kuudhi watu.

Ushindi wa kwanza ukaja Monza, 16 Septemba 2001. Siku moja kabla, kule Lausitz Ujerumani, Zanardi, yule aliyebadilishana naye kiti, ambaye Williams ilimshinda na akarudi CART, alikatwa miguu yote miwili kwenye ajali. Halafu ni siku tano tangu Septemba 11. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kushinda mbio yake ya kwanza ya F1 katika wikiendi nzito namna ile. Zanardi mwenyewe, mnajua, alikuja kuchukua dhahabu za Paralimpiki za baiskeli ya mikono, London 2012 na Rio 2016.

Mwaka 2002 alichukua poli saba, yaani nafasi ya kuanza mbele ya wote, tano kati ya hizo mfululizo. Ushindi: sifuri. Injini ya BMW ilikuwa inafika mizunguko 19,000 kwa dakika na kwa mzunguko mmoja hakuna aliyemkamata. Monza alipata poli kwa wastani wa kilomita 259.8 kwa saa, akaivunja rekodi ya Keke Rosberg iliyokaa tangu Silverstone 1985. Miaka miwili baadaye, Monza hiyohiyo, akaweka 262.2, na hiyo ikadumu hadi Kimi Räikkönen alipoivunja 2018.

Mwaka 2003 ndio wa kuumiza roho. Alishinda Monaco. Akashinda Ujerumani, aliyemfuata akiwa nyuma kwa zaidi ya dakika nzima. Zikibaki mbio tatu alikuwa pointi moja nyuma ya Schumacher. Kisha Ferrari na Bridgestone, watengeneza tairi wao, wakalalamika kwamba tairi za mbele za Michelin walizotumia Williams zikishatumika upana wake unazidi kanuni, FIA, wasimamizi wa F1, ikabadilisha namna ya kupima, Michelin wakalazimika kuleta nyingine. Kwenye mbio ya F1 ya Indianapolis akagusana na Barrichello wa Ferrari, akaadhibiwa kupita polepole njia ya piti, wanakobadilishia tairi, ubingwa ukaishia hapo. Schumacher 93, Räikkönen 91, Montoya 82.

Mzee wa Klachi

Kijana wangu umeandika vizuri, lakini unamtetea kama wakili aliyelipwa. Poli saba bila ushindi hata mmoja halafu unaziweka kama sifa? Mbio hupewa pointi Jumapili. Gari lilikuwa linamaliza tairi, sawa, lakini Ralf Schumacher, mwenzake wa timu na mdogo wake Michael, alishinda Malaysia mwaka huohuo na gari lilelile.

Na nangoja uniambie ya McLaren.

Kona ya Tatu

Mzee shikamoo. Nilikuwa nayafikia.

Ralf alishinda Malaysia 2002, kweli kabisa. Ila Montoya siku hiyo aligusana na Michael Schumacher kona ya kwanza, akapewa adhabu ya kupita piti, ajali ambayo wengi waliiona ya kawaida tu ya mwanzo wa mbio, na bado akamaliza wa pili. Mwisho wa msimu alikuwa wa tatu kwenye ubingwa, mbele ya Ralf. Hao ndio walikuwa wanaigawana mizigo ya gari lile.

Sasa McLaren. Aliingia 2005 na gari la kasi kuliko yote. Baada ya mbio mbili akaumia bega, akakosa Bahrain na San Marino. Timu ilisema ni tenisi. Hadithi ya tenisi ilichekwa sana, wengi waliamini ni pikipiki ya matope. Aliporudi ilimchukua muda, kisha akashinda Silverstone, Monza na Brazili. Jumla ya F1: ushindi saba, poli 13, jukwaa mara 30, katika mbio 94.

Tatizo halikuwa bega peke yake. Gari la McLaren lilijengwa kwa dereva anayetaka pua ya gari iingie kwenye kona papo hapo huku nyuma kukiyumba. Räikkönen alilipenda. Montoya alikuwa mtu wa kufunga breki kwa nguvu na kulazimisha, na gari lile halikupenda kulazimishwa. Halafu utamaduni wa ile timu chini ya bosi wake Ron Dennis: kila kitu cha kijivu, kila jibu limeandaliwa. Yeye ni Mlatino anayesema kilicho kichwani.

Mzee wa Klachi

Marahaba. Lakini bado umeruka mbio ya F1 ya Indianapolis 2006. Mzunguko wa kwanza, kona ya pili, alimgonga mwenzake Räikkönen kwa nyuma, magari saba yakatoka nje ya mbio. Wiki moja baadaye ikatangazwa anaenda NASCAR, ligi ya Marekani ya magari mazito ya bati, kwa Ganassi, na McLaren hawakumrudisha kwenye gari, wakamweka dereva wao wa majaribio, Pedro de la Rosa. Huko ndiko "kuacha kwa hiari"? Mimi naita kuondoka mlango wa nyuma kabla hujafungiwa wa mbele.

Kona ya Tatu

Mzee, nakupa nusu. McLaren walishamsaini Fernando Alonso tangu Desemba 2005 kwa msimu wa 2007, kwa hiyo kiti kimoja kilikuwa kimeondoka na cha pili hakikuwa na uhakika. Alijua. Lakini mtu wa aina yake wa miaka 30 mwenye ushindi saba hakosi timu ya katikati F1. Angekaa miaka mitatu minne Toyota au kwingineko, akachukua mshahara na kumaliza wa nane kila wiki mbili, na leo mngemwita mstaarabu. Yeye alimpigia simu bosi wake wa zamani akaenda kwenye ligi ambayo hakuna mtu wa F1 wa kiwango chake aliyewahi kwenda kuikimbia msimu mzima akiwa bado kijana.

Binti Mvita

Salaam kutoka Mombasa. Mimi hizi za NASCAR sizielewi kabisa, sisi huku tumezoea Safari Rally, gari linapita shamba la mtu, ng'ombe wanakimbia. Ugumu wa kwenda kushoto masaa matatu uko wapi? Naomba nieleweshwe bila kuchekwa.

Kona ya Tatu

Hakuna wa kukucheka dada, hilo ndilo swali lenyewe.

Gari la F1 la 2006 lilikuwa na uzito wa kilo 600 hivi pamoja na dereva. Gia zinabadilishwa kwa vidole nyuma ya usukani, mabawa yanalikandamiza chini, breki ni za kaboni. Gari la NASCAR la wakati ule lilizidi kilo 1,500, mabomba ya chuma yamevikwa bati, injini ya V8 ya kabureta, gia nne za mkono zenye klachi. Mzee wa Klachi angejisikia nyumbani. Tairi nyembamba ukilinganisha na uzito, breki zinachemka mapema. Kwenye F1 ukichelewesha breki gari linakusikiliza. Kwenye NASCAR ukifanya hivyo unamwingia aliye mbele mgongoni.

Kisha kuna hewa. Magari 43 yamebanana, na hewa ya gari la mbele inaamua la nyuma litafanya nini. Ukimnyonya upepo aliye mbele unapata kasi ya bure, ila ukimkaribia kwenye kona pua yako inakosa hewa na gari linakwenda moja kwa moja ukutani. Aliye nyuma yako naye akikukaribia sana bila hata kukugusa, mkia wako unalegea. Hayo hayafundishwi F1. Huoni vizuri nyuma, kuna mtu amekaa juu ya jukwaa na redio anakwambia "yuko ndani, bado yuko ndani, umemmaliza," na wewe umwamini ukiwa kilomita 300 kwa saa.

Na duara lenyewe si kushoto tu. Gari linapangwa ili lipende kushoto. Kwenye magari ya Indy tairi la nyuma la kulia linakuwa na mzingo mkubwa kidogo kuliko la kushoto, kwa hiyo kwenye mnyoofu dereva anashikilia usukani kidogo kulia ili gari lisijigeukie lenyewe. Mafuta yanapungua, lami inapata moto, tairi zinaisha, tabia ya gari inabadilika kila mizunguko kumi. Ustadi wa duara ni kumwelezea fundi kile unachokisikia kiunoni kabla saa haijakionyesha, afungue spana nusu raundi kwenye springi mkisimama piti.

Binti Mvita

Ahsante sana. Kumbe kusikia kiunoni. Hapo sasa nimefahamu.

Mtu wa Carolina

Wakuu, naandika kutoka Charlotte, North Carolina, karakana nyingi za NASCAR ziko maeneo haya na watu wanaongea mbio kama kwetu wanavyoongea Simba na Yanga. Naomba niwape picha ya huku.

Alianza kwa fujo. Januari 2007, kabla msimu haujaanza, alishinda Saa 24 za Daytona na Scott Pruett na Salvador Durán. Machi, Mexico City, kwenye ligi ya daraja la pili, akamgonga Pruett huyohuyo, mwenzake wa timu, akamzungusha, akashinda. Juni akashinda Sonoma kwenye ligi kuu. Akawa mgeni bora wa mwaka. Mwaka 2009 akaingia kwenye mchujo wa ubingwa, akamaliza msimu wa nane. Mwaka 2010 akashinda Watkins Glen.

Lakini wakuu, Sonoma na Watkins Glen zote ni nyanja zenye kona za kulia na kushoto. Kwenye duara hakuwahi kushinda ligi kuu ya NASCAR kwa misimu saba kamili. Hilo watu wa huku hawalisahau. Iliyo karibu zaidi ni Indianapolis 2009, Brickyard 400, mbio ya NASCAR kwenye uwanja uleule wa Indy 500. Aliongoza mizunguko 116 kati ya 160, gari lilikuwa roketi. Kisha wakampa adhabu ya kuzidisha spidi kwenye njia ya piti. Alilalama kwenye redio hadi basi. Akamaliza wa 11. Angeshinda angekuwa mtu wa kwanza kuwa na Indy 500 na Brickyard kwa pamoja.

Ila ukimtaja hapa kazini, mtu wa kawaida atakwambia kitu kimoja: "yule wa lori la kukaushia." Daytona 500 ya 2012, mvua iliisogeza hadi Jumatatu usiku. Bendera ya njano imetoka, kuna lori lenye injini ya ndege linalopuliza moto kukausha na kusafisha lami. Montoya alikuwa amepiti, anakimbilia kuungana na msafara, kitu kikavunjika nyuma ya gari lake, gari likageuka likaenda moja kwa moja kwenye lile lori. Mafuta ya ndege yakamwagika yakawaka juu ya lami. Mbio ilisimama kwa kama masaa mawili. Walisafisha uwanja kwa sabuni ya unga ya kufulia, ile ya kawaida ya dukani! Brad Keselowski akatoa simu ndani ya gari akapiga picha akaitupia Twitter. Dereva wa lori na Montoya wote walitoka wazima.

Hakuwa na kosa lolote pale, lakini ndiyo inayorudiwa kwenye televisheni kila Februari.

Mzee wa Klachi

Sasa Carolina ameniongezea hoja. Misimu saba, ushindi miwili. Mkuu Kona, hiyo kwako ni mafanikio?

Kona ya Tatu

Kwa idadi, hapana. Ningesema ni misimu saba ambayo miwili ilikuwa mizuri na mitatu ilikuwa ya kupoteza muda, na timu ya Ganassi upande wa NASCAR haikuwa Hendrick, timu kubwa ya huko. Simtetei katika hilo. Ila angalia kilichofuata, maana hapo ndipo watu huacha kusoma.

Mwaka 2014 mwenye timu Roger Penske alimchukua IndyCar, ligi ya tairi wazi iliyorithi zile CART na IRL. Ana miaka 38, hajakaa kwenye gari la tairi wazi kwa mbio tangu ile Indianapolis ya McLaren. Kila mtu alisema amekwenda kuchukua pensheni. Alipunguza mwili. Julai akashinda Pocono, duara la kona tatu, moja ya sehemu za kasi kuliko zote.

Mei 2015, Indy 500. Alianza wa 15. Mapema, chini ya bendera ya njano, Simona de Silvestro akamgonga nyuma, akalazimika kutengenezwa, akajikuta wa 30. Kutoka hapo alipanda mmoja mmoja bila papara, na mwisho wakabaki watu watatu: yeye, Will Power mwenzake, na Scott Dixon. Mizunguko michache kabla ya mwisho akampita Power na kumshikilia hadi mstari. Tofauti: sekunde 0.1046. Kati ya Indy 500 yake ya kwanza na ya pili ilipita miaka 15, hakuna dereva mwingine aliyewahi kusubiri hivyo akashinda tena.

Na ile sare niliyosema mkumbuke. Mwaka huo aliongoza pointi tangu mbio ya kwanza hadi asubuhi ya mbio ya mwisho, Sonoma, ambayo ilikuwa na pointi mara mbili. Akagusana na Power, tena mwenzake wa timu, akarudi nyuma, akapambana akamaliza wa sita. Dixon akashinda mbio. Wote pointi 556. Kanuni ikaangalia ushindi: Dixon mitatu, Montoya miwili. Angekuwa wa tano angebeba. Kanuni ileile iliyompa ubingwa 1999 ndiyo iliyompokonya 2015, na alikuwa kwenye ligi ya nchi ileile.

Gia Tano

Duh. Hiyo sikuijua.

Mkuu, na hizi mbio za masaa 24? Maana nasikia ana saa kadhaa za Rolex kabatini, zile wanazopewa washindi wa Daytona.

Kona ya Tatu

Tatu. Daytona 2007, 2008 na 2013, zote na Ganassi. Kwenye magari ya uvumilivu ndiko tabia yake ilikobadilika zaidi kwa macho yangu, kwa sababu gari si lako. Unagawana usukani na mwingine, kiti ni cha wote, breki mnazikubaliana, na ukiligonga umewaharibia watatu. Mtu aliyekuwa anagombana na wenzake wa timu F1 akawa ndiye anayewatulizia wadogo. Mwaka 2019 akiwa na Dane Cameron kwenye Acura ya Penske alibeba ubingwa wa IMSA, ligi ya Marekani ya magari ya uvumilivu, daraja la juu. Miaka 20 kamili baada ya CART. Hapo ana miaka 44.

Kilichobaki ni Le Mans. Monaco anayo, Indianapolis anazo mbili. Akishinda Saa 24 za Le Mans angeungana na Graham Hill, mtu pekee mwenye zote tatu. Alikwenda 2018 na United Autosports kwenye LMP2, daraja la pili, wakapata nafasi ya tatu darajani baada ya wengine kuondolewa. Ushindi wa jumla hakuwahi kupata gari la kuupigania.

Binti Mvita

Alonso naye si anatafuta hiyo hiyo?

Kona ya Tatu

Ndiyo. Alonso ana Monaco na Le Mans, anakosa Indianapolis. Montoya anakosa Le Mans. Mchekesho ni kwamba Alonso ndiye aliyesainiwa McLaren huku Montoya bado yumo.

Mzee wa Klachi

Haya, nimesoma yote. Msimamo wangu: dereva mkubwa, F1 aliidharau mazoezini na ikamlipa anachostahili. IndyCar ya 2015 imenifunga mdomo, nakubali. Lakini kumuweka juu ya Mwingereza Nigel Mansell siwezi. Mansell alitoka na ubingwa wa F1 1992, akaenda CART akabeba 1993 akiwa mgeni. Mfululizo. Hilo Montoya hana.

Kona ya Tatu

Hana, na hakuna mwingine mwenye nalo. Lakini Mansell msimu wake wa pili CART hakushinda hata mbio moja, akarudi Ulaya. Mpe Mansell NASCAR ya mizunguko 500 Bristol tuone.

Mtu wa Carolina

Jamani mwacheni Mansell wa watu. Kwa taarifa tu, Septemba 2024 Montoya alirudi NASCAR kwa mbio moja Watkins Glen, kwenye timu ya 23XI ya Michael Jordan, siku chache kabla hajatimiza 49. Hakufanya la maana kwenye matokeo, alikuwa wa mwishomwisho. Ila alikaa kwenye gari jipya kabisa, la gia za kusukuma mbele na nyuma, ambalo hakuwahi kulikimbia.

Gia Tano

Na mtoto wake Sebastián ameshaingia F3 na F2, ligi za chini ya F1, anapita njia ileile ya baba. Uzi wake lini mkuu?

Kona ya Tatu

Ngoja kwanza ashinde kitu. Kesho nikipata nafasi naleta wa Takuma Sato, maana huyo naye F1 walimwita mgonga watu, kisha akaenda kuchukua Indy 500 mbili. Mzee wa Klachi andaa maswali.